Mikataba Tumejifunza Kuisoma, Miamba Nani Ataisoma?

Makamanda, nianze na namba mbili: 1,400 na 200.

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakabaki yamezuiwa Dar es Salaam. Mei 24 mwaka huo, Profesa Abdulkarim Mruma akasoma ripoti Ikulu: ndani ya makinikia yale kuna wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani. Wakala wa serikali hiyo hiyo uliokuwa ukikagua madini, TMAA, wastani wake ulikuwa kama gramu 200. Kampuni ya Acacia nayo ikasimama upande wa namba ndogo. Tofauti ni mara saba! Baadaye ikaja bili ya kodi ya Dola bilioni 190, na mwisho wa yote makubaliano ya Dola milioni 300.

Sasa hebu tuulizane. Kati ya namba zile mbili, ipi ilikuwa ya kweli? Wa CCM walishangilia 1,400 kwa sababu Rais kasema. Wengine upande wa upinzani waliikataa kwa sababu hiyo hiyo, Rais kasema. Wachache sana waliuliza maswali yenyewe: sampuli zilichukuliwaje? Sehemu gani ya kontena? Zilipimwa maabara ngapi? Kila sampuli ilirudiwa mara ngapi, na majibu yalipishana kwa kiasi gani? Hayo si maswali ya siasa. Ni maswali ambayo mwanafunzi wa uzamili wa jiolojia huulizwa na msimamizi wake kabla hata hajaanza kuandika sura ya pili.

Mimi nasoma sheria hapa Mwanza, kwa hiyo sipigi debe la fani yangu. Lakini kadiri ninavyosoma sheria za madini ndivyo ninavyoona kwamba sisi vijana wa upinzani tumebobea upande mmoja. Mkataba tunaweza kuuchambua. Mwamba wenyewe hatujui kuusoma, na hatuna watu wa kutosha wa kutusomea.

Vita ya kwanza ilikuwa ya mikataba

Tusijidharau, kazi ilifanyika. Kabla wengi wetu hatujaanza darasa la kwanza, Tundu Lissu na wanasheria wenzake wa LEAT walikuwa wakihangaika na suala la wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge kijana wa upinzani, alisimama bungeni na hoja ya mkataba wa Buzwagi, uliosainiwa London Februari mwaka huo. Alisimamishwa ubunge kwa muda. Lakini kelele ile haikuzimika: ikaundwa Kamati ya Jaji Mark Bomani, naye Zitto akiwa ndani yake, na mwaka 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini.

Mwaka 2017 zikaja sheria namba 5, 6 na 7. Unaweza kubishana na namna zilivyopitishwa, kwa hati ya dharura na haraka ya ajabu. Hata hivyo zimeweka mambo ambayo upinzani uliyadai kwa miaka: umiliki wa rasilimali ni wa wananchi, serikali inapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa bila kuzilipia, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6.

Sawa. Asilimia 16 ya nini? Asilimia 6 ya nini?

Hapo ndipo sheria inapoishia na jiolojia inapoanza. Mgodi una dhahabu kiasi gani chini? Iko kina gani? Kiwango chake kwa tani ni kipi? Itachimbwa kwa miaka mingapi? Ni kiasi gani kitapotea kwenye uchenjuaji? Namba hizo ndizo zinazoamua faida, na faida ndiyo inayoamua gawio. Na namba hizo zinaandikwa na mtu. Kampuni inayouza hisa kwenye soko la Australia, kwa mfano, ripoti yake ya akiba ya madini lazima isimamiwe na mtaalamu mwenye sifa, aliye mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambulika na mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano kwenye aina hiyo ya mwamba. Yeye akiandika, benki inakopesha. Sisi tunasubiri hesabu tuzigawe kwa 16.

Nasema hivi huku nikijua kwamba mradi wa Nyanzaga, kule Sengerema, uko ndani ya mkoa wetu wa Mwanza na leseni yake kubwa ilitolewa Desemba 2021. Hii si habari ya Geita tu tena, wala ya Kahama. Imefika nyumbani.

Uzamili wa nini, na kwa nini?

Kuna dada mmoja tumekua naye mtaa mmoja, Igoma. Ana shahada ya kwanza ya jiolojia. Kazi aliyopata ni mikataba ya miezi mitatu mitatu kwenye mradi mmoja wa utafiti wa madini. Anapanga masanduku ya miamba iliyochorongwa, anaandika rangi na urefu wa kila kipande, anafunga mfuko, anabandika namba. Sampuli zinaondoka. Majibu yanarudi kwa bosi mwenye uzamivu, na ramani ya chini ya ardhi inachorwa na huyo bosi. Yeye haioni. Aliwahi kupata nafasi ya uzamili kwenye chuo kimoja akaiacha: ada, nauli ya kwenda porini, malipo ya maabara, mwaka mzima bila kipato. Na mshahara wenyewe, ukija, unakatwa asilimia 15 ya mkopo wa shahada ya kwanza.

Naomba mtu asiniambie kwamba uzamili ni kujitafutia vyeo. Kwenye fani hii, shahada ya kwanza inakufundisha majina ya miamba na namna ya kuitambua. Uzamili unakupa tatizo moja halisi na kukuambia: litatue mwenyewe, utetee majibu mbele ya watu wanaotaka kukuangusha. Unakata kipande cha mwamba mpaka unene wa milimita 0.03, mwanga unapita kama kwenye kioo, unaona chembe zilivyoshikana na nini kilikuja kabla ya kipi. Unajifunza kwa nini dhahabu ya Geita imekaa pale ilipokaa na si kilomita tano upande wa pili. Miamba hii ya kwetu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kundi lake wanajiolojia duniani wanaliita kwa jina la Nyanza. Jina letu, halafu mabingwa wake wengi wanatoka mbali.

Angalia Mwadui. Mtaani tumezoea kusikia kwamba mzungu alibahatisha almasi chini ya mbuyu. Dk. John Williamson, Mkanada, alikuwa na uzamivu wa jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, na alitafuta kwa miaka kabla ya kuipata Mwadui mwaka 1940. Almasi ya waridi aliyompa Binti Mfalme Elizabeth, baadaye Malkia, mwaka 1947 ilitoka Shinyanga, na ilitoka kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyejua anachokitafuta kwenye mchanga. Wasukuma walikuwa juu ya ardhi ile miaka yote. Ardhi ilikuwa yao, elimu ya kuisoma hawakupewa.

Na tusidanganyane kwamba Watanzania hawawezi. Profesa Sospeter Muhongo ni mtoto wa pwani hii hii ya ziwa, upande wa Musoma. Alisoma hadi uzamivu Ujerumani, akafundisha jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni wa CCM, na kwenye mengi hatukubaliani naye. Lakini tazama kilichotokea ile Mei 2017: waziri aliyeondolewa alikuwa profesa wa jiolojia, na aliyeongoza kamati iliyomwondoa alikuwa profesa wa jiolojia. Mjadala wa utajiri wa nchi nzima ulikuwa mikononi mwa watu wachache wanaofahamiana, wote wakiteuliwa na mtu mmoja. Nchi ingekuwa na mamia ya watu wa kiwango kile, nje ya serikali na nje ya makampuni, tungepata jibu la tatu lisilomwogopa mtu.

Siyo dhahabu tu

Ukikaa Mwanza unadhani jiolojia ni dhahabu. Rudi ziwani kidogo.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa, watu wakakosa maji. Iliundwa kamati, ikaongozwa na Profesa Samwel Manyele. Jibu lake: kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Mtandaoni tulicheka wiki nzima, picha za ng'ombe kila kona. Wananchi walikuwa na sababu ya kutokuamini, maana miaka mitatu tu nyuma NEMC ilikuwa imeutoza mgodi wa North Mara faini ya Sh bilioni 5.6 kwa bwawa la topesumu kuvuja. Lakini baada ya kucheka, nani alikuja na vipimo vyake vya mashapo ya mto, juu na chini ya mgodi, vya miaka kumi mfululizo? Vipimo vya namna hiyo ndivyo vinavyoweza kumthibitisha Profesa au kumpinga. Bila hivyo tulibaki na vichekesho, na vichekesho havipelekwi mahakamani. Ningekuwa wakili wa wanakijiji wale, ningehitaji shahidi mtaalamu. Ningempata wapi, na nani angemlipa?

Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope Mwadui ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba Ng'wanholo. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba Kagera, na miezi michache baadaye Rais akawaambia wananchi kwamba serikali haikuleta tetemeko. Kweli haikuleta. Lakini ni kazi ya serikali kujua ardhi ipi inatikisika zaidi na kuwaambia watu wajenge vipi, na hiyo ni kazi ya wanasayansi wa ardhi.

Chukua na mfano wa sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mita 60 kutoka wapi? Mei 2020 ziwa lilipanda kuvuka rekodi ya 1964, mialo ikazama. Ufukwe wa mwaka gani unahesabiwa? Mama mwenye kibanda cha dagaa anabomolewa kwa kipimo ambacho mtu mwingine kakiamua, na sisi wanasheria tunabishana juu ya neno huku jibu liko kwenye mashapo. Ziwa hili liliwahi hata kukauka kabisa, likajaa tena zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Hayo yalichapishwa mwaka 1996 na timu iliyoongozwa na Mmarekani, Thomas Johnson. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, wakachapisha historia ya samaki wa ziwa letu kwa kusoma meno ya samaki yaliyofukiwa kwenye tope la chini. Nawapongeza kwa dhati. Lakini zaidi kidogo au pungufu kidogo, nusu ya ziwa hili ni la Tanzania. Historia yake tunaisoma kutoka Bern.

"Lakini ajira zenyewe ziko wapi?"

Najua mtaniuliza. Vijana wa jiolojia wako mtaani, wengine bodaboda, halafu wewe unataka waongezewe miaka miwili darasani?

Jibu langu ni kwamba ajira ya kufunga mifuko ya sampuli ina mwisho. Serikali yenyewe ilisema ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa kina kwa jiofizikia ya ndege, na inataka ifike asilimia 50 ifikapo 2030. Ndege ikiruka inaleta namba. Namba hazijisomi. Tusipokuwa na watu wa kuzitafsiri, tutaajiri kampuni ya nje itutafsirie, kisha kampuni nyingine ya nje ichukue leseni pale pazuri. Tutakuwa tumelipia ramani ya kutuonyesha tulivyokosa.

Halafu kuna wachimbaji wadogo. Ukienda kwenye mfumuko wowote, Geita au Shinyanga, utakuta duara limechimbwa kwa kufuata tetesi, mganga na bahati. Watu wanashuka mita nyingi bila kujua mkanda umekatikia wapi. Wakikosa wanahamia shimo la pili, zebaki wanaipeleka mtoni. Mwanajiolojia mmoja mwenye uzamili akikaa na kikundi kimoja anaweza kuokoa fedha, na anaweza kuokoa maisha. Na awe mwanamke pia, maana bado kuna maduara wanaamini mwanamke akisogea dhahabu inakimbia. Dhahabu haina miguu, jamani.

Tudai nini?

Nimechoka na makala zinazoishia "serikali iangalie upya". Nina madai manne, na kila moja lina mlango wa kisheria.

La kwanza, fedha. Fedha nyingi za Bodi ya Mikopo zinakwenda shahada ya kwanza, na Samia Scholarship vilevile ilianza mwaka 2022 kwa waliofaulu sayansi kidato cha sita. Tudai dirisha la uzamili na uzamivu wa sayansi za ardhi, litengewe sehemu ndogo ya mrabaha. Nchi inayojivunia kwamba madini yamefika asilimia 10 ya pato la taifa haishindwi kusomesha.

La pili, halmashauri. Migodi inalipa ushuru wa huduma kutokana na mauzo, na kwa Sheria ya Madini inaandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Kwenye mipango hiyo tunaona madarasa, vituo vya afya, sanamu na taa za barabarani. Madarasa sawa. Sanamu hapana. Halmashauri ya Geita, ya Msalala, ya Tarime, na sasa Sengerema, kila moja inaweza kusomesha vijana wawili wa uzamili kila mwaka kwa masharti kwamba warudi na utafiti wao uhusu ardhi ya wilaya hiyo. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018 nazo zinamtaka mwekezaji awe na mpango wa mafunzo na mpango wa utafiti. Tuombe kuiona hiyo mipango. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, tuitumie.

La tatu, takwimu. Sheria inasema taarifa za kijiolojia zinazokusanywa na wenye leseni zipelekwe serikalini, zihifadhiwe kwenye kanzidata ya taifa chini ya GST. Vizuri. Mwanafunzi wa Kitanzania azipate bure kwa ajili ya utafiti. Na utafiti wake uchapishwe hata kama unaiudhi wizara. Tusisahau kwamba mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa la jinai kuchapisha namba zinazopinga za serikali, mpaka ikarekebishwa mwaka 2019. Kifungu kimeondoka, woga umebaki. Msomi mwenye woga hana faida zaidi ya asiyesoma.

La nne, mahali. Juni 2021 kilizinduliwa hapa Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu. Dhahabu inasafishwa Mwanza, lakini kijana wa Misungwi anayetaka kuisoma anaelekezwa Dodoma au Dar es Salaam, mamia ya kilomita. Mawe tunakaa juu yake, tunayaita fahari ya jiji, tunapiga nayo picha Bismarck Rock. Tudai kituo cha uzamili cha sayansi za ardhi Kanda ya Ziwa, chenye maabara ya kweli, chini ya chuo kikuu cha umma.

Na sisi wenyewe?

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu halihitaji kibali cha polisi. Kila tawi la vyuo lina wanasheria, wanasiasa na watu wa mawasiliano wa kutosha. Tuwatafute wanajiolojia. Tuwaite kwenye makongamano yetu watufundishe kusoma ripoti ya mgodi, kabla hatujaishika kipaza sauti. Wale wanaosoma uzamili sasa hivi tuwaulize mada zao ni zipi. Wanachama wenye uwezo wachangie ada ya kijana mmoja, kama tunavyochangia dhamana.

Tukipewa nchi kesho asubuhi, nani atakaa GST? Nani atakaa mezani na kampuni itakayoleta mahesabu yenye kurasa 600? Ukiniambia tutawakuta watu humohumo serikalini, basi tutakuwa tumebadilisha bendera ya kwenye gari tu, namba tutaendelea kusomewa.

Madirisha ya maombi ya uzamili hufunguliwa kila mwaka. Kama wewe unayesoma hapa una shahada ya jiolojia, jiofizikia au uhandisi migodi, omba. Ukikosa ada, andika hapo chini kwenye maoni, tuanze na wewe.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, Mwanza.*